Pingi kwanza, ujuzi baadaye: gemu tano za risasi ukizichezea Mombasa

Gemu ya risasi ya mtandaoni ina sehemu mbili. Moja waiona: bunduki, ramani, mavazi ya kulipia. Ya pili huioni, nayo ndiyo itakayoamua kama utaifuta gemu hiyo baada ya wiki mbili au utakesha nayo: mfumo unaochagua utacheza na nani. Tathmini hii ni ya mfumo huo tu, katika Counter-Strike 2 na Valorant kwa wenye kompyuta, na Call of Duty: Mobile, PUBG Mobile na Free Fire kwa wenye simu. Uzuri wa picha haukutiwa kwenye mizani.

Mizani yenyewe ni ya mtu aliyeketi Kisauni au Tudor, si ya aliye Frankfurt. Kila mfumo wa kupanga mechi huvutwa na kamba tatu: umbali wa seva (kompyuta inayoendesha mechi), muda wa kungoja na ujuzi wa wachezaji. Januari 2024 Activision, kampuni yenye Call of Duty, ilieleza kwamba katika Call of Duty muunganisho ndio unaotangulia, ukifuatwa na muda wa kungoja, ndipo yaje mengine, ujuzi ukiwemo. Wazungu wengi walilichukulia jambo hilo kama mapambo ya maneno, maana kwao kila mtu ana pingi ya 20 (milisekunde ambazo data huchukua kwenda kwenye seva na kurudi) na kinachobaki kugombaniwa ni ujuzi. Huku kwetu kamba ya kwanza ndiyo inayokaza kuliko zote, na mtu akilalamika kwamba amepangiwa mafundi, mara nyingi tatizo ni kwamba amepangiwa bahari.

Hesabu yake si ngumu. Mwanga ndani ya fayiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 zinazokutenga na seva hula milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Toka Mombasa hadi Johannesburg ni zaidi kidogo ya kilomita 2,700, hata waya ungenyooshwa kama kamba ya mwashi: milisekunde 27 ndio mwisho wa ubora. Mumbai ni karibu kilomita 4,500, milisekunde 45. Frankfurt ni zaidi ya 6,500, milisekunde 65. Lakini waya haunyooshwi. Kebo ya TEAMS iliyotoka hapa kwenda Fujairah mwaka 2009 ina urefu wa karibu kilomita 5,000, kisha data ipite kwa watoa huduma wawili watatu kabla ya kufika seva ilipo. Ndiyo maana namba unazoziona kwenye skrini huwa mara mbili au zaidi ya hizo za kwenye karatasi.

Watu huuliza: kebo ya SEACOM ilitua hapa 2009, EASSy 2010, na nyinginezo baadaye, mbona pingi ya Mombasa si nzuri kuliko ya mji wa bara? Kwa sababu kebo ni njia, si seva. Kukaa jirani na kivuko cha Likoni hakukusaidii kitu ikiwa feri iko ng'ambo. Na njia yenyewe hukatika: tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikayumba. Siku ya namna hiyo data ya kwenda Johannesburg huzungushwa njia ndefu, na gemu iliyokuwa inachezeka jana hubadilika bila wewe kugusa chochote. Mechi ya renki, ile ya kugombania daraja, siku hiyo ni kutupa alama.

Sasa tuione pingi kwa karibu, maana wengi waitaja bila kujua yachukua nini. Katika Counter-Strike 2 mchezaji anayekimbia na AK-47 mkononi huenda yuniti 215 (kipimo cha urefu cha ndani ya gemu) kwa sekunde, na mwili wake una upana wa yuniti 32. Ndani ya milisekunde 150 amesogea yuniti 32, mwili mzima. Kwa hiyo wewe uliyebana kona ukimngoja, ukiwa na ucheleweshaji wa kiasi hicho, yeye amekwisha kutokeza kote na kukuona kabla skrini yako haijakuonyesha hata bega lake. AK-47 hufyatua risasi 600 kwa dakika, moja kila milisekunde 100, na moja ya kichwa hutosha hata kama umevaa kofia ya chuma. Hakukuzidi shabaha, amekuzidi zamu. Dawa yake ni kuacha kungoja: mwenye pingi kubwa na atokee yeye, apige, arudi nyuma, abadilishe mahali. Kubana kona moja raundi nzima ni mchezo wa wenye seva mtaani kwao.

Tukija kwenye ujuzi, mifumo yote hii ni vitukuu vya hesabu ya Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, ambayo shirikisho la sataranji la Marekani liliipokea 1960 na lile la dunia, FIDE, 1970. Mwenye alama 1,700 akikutana na mwenye 1,500, hesabu humpa wa kwanza ushindi mara 76 kwa 100. Kwa kipimo kinachotumika sana cha alama 32 za juu kabisa kwa mechi moja, mkubwa akishinda huongeza kama 8 tu, na mdogo akimwangusha huondoka na 24. Haki ya mfumo iko hapo: haikuzuii kukutana na mkubwa wako, ila inakulipa kulingana na uzito wa kazi.

Kasoro ya Elo ni kwamba haijui kiasi cha kutojua kwake. Mark Glickman aliirekebisha mwaka 1995 kwa kuongeza kipimo cha wasiwasi, na watafiti wa Microsoft wakatengeneza TrueSkill, iliyotumika katika gemu ya Halo 3 mwaka 2007. Ndani ya TrueSkill mgeni huanza na wastani wa 25 na wasiwasi wa 8.33, anachoonyeshwa ni wastani ukitolewa wasiwasi mara tatu, yaani sifuri. Hapo ndipo yafafanuka mambo mawili yanayowaudhi watu. Akaunti mpya hupanda na kushuka kwa mirukio mikubwa kwa sababu mfumo bado unabahatisha. Na fundi aliyefungua akaunti mpya ili aonee wanagenzi huwa na mechi chache tu za kuonea kabla hajapandishwa. Anayetaka kuendelea na tabia hiyo hulazimika kujiangusha makusudi au kufungua akaunti nyingine tena.

Hesabu ya timu ndiyo yenye uchafu zaidi. Timu ya watu watano wenye 1,500 kila mmoja ina wastani wa 1,500. Timu ya mafundi wawili wenye 2,100 na wanagenzi watatu wenye 1,100 nayo ina wastani wa 1,500. Kwenye karatasi ni sawa. Uwanjani mafundi wawili wanaozungumza huamua raundi, na wale watatu hukaa kama abiria. Ndiyo maana swali la kuuliza gemu yoyote ni hili: yashughulikiaje makundi ya marafiki? Majibu yatofautiana sana, tutayaona.

Kisha kuna ugomvi mkubwa, wa mchezo wa kujifurahisha. Je, mechi isiyo ya renki nayo ipangwe kwa ujuzi? Wapo wanaosema hapana, mtu aingie apumzike, apambane na yeyote. Kampuni ya Ubisoft ilijaribu njia hiyo katika gemu yake ya XDefiant, iliyotoka 21 Mei 2024: mechi za kawaida bila kupima ujuzi, ila wageni wakatengewa mahali pao pa kujifunzia, na hilo pekee lilikuwa kukiri kwamba bila fensi mgeni angeliwa. Seva zake zilizimwa Juni 2025, kwa sababu nyingi. Activision nayo ilijaribu kimyakimya kulegeza kipimo cha ujuzi kwa sehemu ya wachezaji wa Marekani Kaskazini, na ripoti yake ya 2024 ikasema wengi walirudi mchezoni kwa uchache zaidi na waliacha mechi katikati kwa wingi zaidi. Waliofaidika ni walio juu kabisa. Mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ikageuka: Call of Duty: Black Ops 7, Novemba 2025, ilitoka na upangaji wa wazi unaotazama ujuzi kwa uchache sana, kwa sababu walio juu ndio wenye sauti kubwa. Kwa hiyo anayekwambia jambo hili limeamuliwa na sayansi, mwulize ni sayansi ya mwaka gani.

Barazani mambo haya yana jawabu la zamani. Kwenye drafti mwanagenzi huketi na mwanagenzi mwenzake, na mafundi wana meza yao. Lakini saa za alasiri wakiwa wamefika watu watatu tu, ama fundi acheze na mwanagenzi, akimwachia kete moja au mbili, ama drafti ikae chini. Mombasa kwenye gemu nyingi ni baraza la watu watatu. Mfumo unaokaza ujuzi mahali penye wachezaji wachache hauna pa kwenda ila mbali: utakutafutia mwenzako wa kiwango chako hadi Ulaya, na utampata, na pingi itakuwa 160. Ndipo msimamo wetu unapotofautiana na wa Wazungu wa pande zote mbili. Kwenye mechi ya kujifurahisha, mfumo na ulegeze ujuzi ili ubaki seva ya jirani. Kete za kuachiwa zitafidia. Kwenye renki, na ukaze ujuzi na uturuhusu kungoja dakika tano, hata saba. Gemu zilizo hapa chini zimepimwa kwa hilo.

Counter-Strike 2 ndiyo iliyokaribia zaidi, na sababu kubwa ni kitelezo kimoja. Kwenye mipangilio, sehemu ya mchezo, kuna kiwango cha juu cha pingi unachokubali wakati wa kutafutiwa mechi. Gemu nyingine hukuamulia, hii yakuuliza. Valve, kampuni yenye gemu hii, ina seva Johannesburg, Dubai na Mumbai, na hizo ndizo tatu za kushindaniwa kutoka pwani hii. Namna ya kukiweka: kwanza cheza mechi tatu za kawaida ukiwa umekiacha juu, ukiandika pingi ya kila seva uliyopelekwa, kwa sababu mtoa huduma mmoja huenda akawa mzuri kuelekea kusini na mwingine kuelekea Ghuba. Kisha chukua seva yako bora, ongeza 20, weka hapo. Ukiona dakika kumi zapita bila mechi, ongeza 20 tena. Kosa la kawaida ni kuweka 50 kwa tamaa: hakuna seva itakayofaa, na mtu huishia kusema gemu imekufa.

Mchezo wa ushindani umegawanywa mara mbili. Premier ina alama moja ya jumla, inayotolewa baada ya kushinda mechi 10, na rangi hubadilika kila alama 5,000: kijivu mpaka 4,999, kisha samawati mbili, zambarau kuanzia 15,000, waridi 20,000, nyekundu 25,000, dhahabu 30,000 kwenda juu. Competitive ina renki ya kila ramani peke yake. Zote ni raundi 24, wa kwanza kufika 13. Jambo la kusifiwa katika Premier ni kwamba waonyeshwa kabla ya kuanza ukishinda utapata ngapi na ukishindwa utapoteza ngapi. Somo lake ni rahisi: ukiona waahidiwa kingi na wahatarisha kidogo, mfumo wenyewe umekiri kwamba mmepangiwa wakubwa. Hakuna gemu nyingine kati ya hizi tano inayokuwa mkweli hivyo mapema. Na zile mechi za mwanzo, wakati wasiwasi wa mfumo ungali mkubwa, zicheze siku yenye intaneti tulivu. Usizimalizie kwenye bando la simu ukiwa ndani ya matatu.

Upande wa kujifurahisha nao umefikiriwa. Casual ni watu 10 kwa 10, wa kwanza kufika raundi 8, mavazi ya kukinga risasi na koleo la kutegulia bomu ni vya bure, na huwezi kumjeruhi mwenzako. Hizo ndizo kete za kuachiwa. Katika umati wa ishirini fundi mmoja hawezi kuharibu jioni ya wote, na mtu akitoka katikati haionekani. Ubaya wa gemu hii uko kwingine: Steam, duka la mtandaoni unakoipakua, yataka gigabaiti 85 za nafasi, na ingawa gemu ni ya bure, hadhi ya Prime, inayokutenga na kundi la akaunti za kutupwa, huuzwa dola 14.99. Kwa anayetaka renki, Prime si anasa. Bila hiyo wachezea kwenye dimbwi la wadanganyifu.

Kuna kipimo kingine cha siri humo, Trust Factor, kilichoanza 2017, kinachokupanga kwa mwenendo. Valve haisemi kinahesabu nini hasa. Kwa ladha yetu siri hiyo imezidi. Mtu anayeripotiwa na kundi la watoto wenye hasira hana pa kulalamikia.

Valorant ina renki iliyonyooka kuliko zote kwa kuitazama: ngazi tisa, Iron mpaka Radiant, alama 100 kwa kila daraja. Chini yake kuna alama ya siri, na kuzisoma zote mbili ni ufundi kidogo. Ukishinda waongezwa 15 na ukishindwa wapokonywa 22, basi alama yako ya siri iko chini ya renki uliyovaa, na mfumo wakuvuta ushuke. Ikiwa kinyume, cheza tu, utapanda. Kwa makundi ya marafiki ndiyo yenye sheria kali: kundi la watu wanne haliruhusiwi kwenye Competitive, kwa sababu yule wa tano angekuwa mgeni nyumbani kwa watu, na kundi la watano lenye renki zilizoachana sana hupunguziwa alama. Kwa mwenye nusu saa kuna Swiftplay, wa kwanza kufika raundi 5. Seva ya Bahrain ndiyo ya kuitazama kwanza kwenye orodha iliyo ukumbini kabla ya kutafuta mechi. Chagua zako mbili bora, uondoe zilizobaki. Tahadhari kwa wenye saiba: Vanguard, mlinzi wake dhidi ya udanganyifu, huanza pamoja na kompyuta, na kwenye Windows 11 yataka TPM 2.0 na Secure Boot, kinga mbili za ndani ya kompyuta, viwe vimewashwa. Kompyuta za mtumba zilizopandishiwa Windows 11 kwa njia za panya zitagoma hapo.

Kwenye simu hali ni nyingine, maana kuna roboti, yaani wachezaji wasio watu, wanaoendeshwa na gemu yenyewe.

Call of Duty: Mobile, ya tangu Oktoba 2019, huwajaza roboti kwenye mechi za ngazi za chini. Utawajua: hukimbia mstari ulionyooka, husimama ndipo wapige, na hawaruki wakipigwa. Kwa mgeni ni mafunzo mazuri. Kwa anayejihesabia ushindi ni kujidanganya, na siku roboti wanapopungua mtu hudhani amepangiwa majini. Renki yake ina ngazi saba, Rookie mpaka Legendary, moja kwa mechi za timu na nyingine kwa uwanja wa kuokoka (battle royale, anayebaki hai mwisho ndiye mshindi), nazo hushushwa kila msimu. Ngazi za chini hupima wingi wa mechi kuliko ubora wako. Tumekubaliana kuihesabu kuwa kipimo kuanzia Grand Master tu. Sifa yake kubwa ni kutenganisha mikono: anayetumia pedi ya vitufe hupangwa na wenye pedi, anayetumia kiigizi (programu ya kuchezea gemu ya simu kwenye kompyuta) na wenzake. Ni haki tupu, lakini kumbuka baraza la watu watatu: ukichomeka pedi Mombasa umejiingiza kwenye foleni fupi zaidi, na utangoja zaidi au utapelekwa mbali. Wanaocheza kwa vidole juu ya kioo ndio wengi. Kwa mechi za kujifurahisha kwenye simu, hii ndiyo tunayoitanguliza.

PUBG Mobile, ya Machi 2018, huweka hadi watu 100 uwanjani, na kwenye renki za chini sehemu kubwa ya hao hawana mama, ni roboti. Uzuri wake ni kwamba seva wachagua mwenyewe na pingi ya kila moja imeandikwa pembeni, Mashariki ya Kati, Ulaya, Asia. Isome jioni, si saa sita mchana, kwa sababu mtandao wa simu hubadilika watu wakirudi majumbani. Conqueror, ngazi ya juu kabisa, ni ya watu wa mwanzo wa orodha ya seva yako, kwa hiyo hupimwi na ulimwengu, wapimwa na majirani uliowachagua.

Free Fire ina wachezaji kama 50 na mechi ya dakika kumi hivi, na yakubali simu za bei ya chini. Mwenye simu nzuri huweka Free Fire MAX na bado hukutana uwanjani na wa toleo la kawaida, akaunti ikiwa ileile. Mchezo wa kuokoka hatuupi alama kubwa. Clash Squad ndiyo yenyewe: 4 kwa 4, wa kwanza kufika raundi 4, na watu wanane tu wa kutafutwa. Foleni ya wanane hujaa pale ambapo ya hamsini ingejazwa roboti. Kwa vijana wanaogawana bando moja hakuna ya kuishinda.

Saa ya kucheza yafaa kuliko mipangilio yote. Sisi tuko sawa na saa za Riyadh, Dubai iko saa moja mbele, Johannesburg moja nyuma. Kati ya saa mbili na saa tano usiku miji yote hiyo imeamka, foleni ni nene, na mfumo hauna haja ya kukutafutia mbali. Baada ya saa sita usiku hupanua wavu: kila sekunde unazongoja matundu huongezeka ukubwa, na atakayenaswa ni yeyote. Ramadhani mambo hugeuka, Ghuba hukesha hadi daku, na seva za huko hubaki na watu mpaka alfajiri.

Kabla ya kuilaumu gemu, ichunguze nyumba. Kwenye kompyuta fungua dirisha la amri, piga ping kwa anwani ya ruta yako, 192.168.1.1 au 192.168.0.1 mara nyingi, mara 100. Majibu yakizidi milisekunde 5 au yakirukaruka, ugonjwa ni waifai, si bahari. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na masafa ya gigahezi 5 hufia kwenye ukuta wa pili. Ama uhamie kwenye 2.4 ukubali msongamano wa majirani, ama upitishe waya wa mita 15 juu ya mlango, na huo ndio ushauri wetu. Ruta ikiwa safi, piga ping 8.8.8.8, anwani ya Google, mara 100 vilevile, huku mtu mwingine akipakia video. Ikitoka 20 ikaenda 200, laini yako hufurika upande wa kupakia. Tafuta kwenye ruta kipengele cha kugawa kipaumbele, ukipe kifaa cha gemu nafasi ya kwanza, au mwombe mwenye video angoje umalize. Kwa simu, vua kava, usichaji ukicheza, na shusha fremu (picha kwa sekunde) toka 60 hadi 45 au 30 zisizoyumba. Kwa joto la hapa, simu ikipata moto hujipunguza nguvu yenyewe, na utadhani ni mtandao.

La mwisho ni stima. Ukitoka katikati ya mechi ya ushindani ya Counter-Strike 2 adhabu ni dakika 30, ikijirudia saa 2, kisha saa 24, kisha siku 7, na mfumo haubagui aliyekasirika na aliyezimiwa taa. Laptopu ina betri yake. Kinachokuangusha ni ruta. UPS ndogo ya ruta, betri ya akiba, hukupa muda wa kutosha kumaliza mechi, ila soma nyuma ya adapta kabla ya kununua: nyingi ni volti 12, ziko za 9, na ukikosea utaiunguza. Tena hesabu matundu yake. Kile kijisanduku cheupe cha fayiba kilicho ukutani nacho kina adapta yake, na UPS ya tundu moja itakuachia ruta inayowaka taa zote huku intaneti haipo.